Maji ni Amana: Fungu la Mtu na Fungu la Mnyama katika Nchi ya Mara

Msafiri atokaye Musoma mjini akashika njia ya kuingia nchi ya Wajita, mpaka akafika kata ya Bukima, huwa na Ziwa Victoria jirani yake kwa sehemu kubwa ya safari. Na kwa kuwa ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, wala hakuna ziwa jingine la Afrika linalolifikia kwa ukubwa, mgeni huweza kuapa kwamba watu waliojaliwa jirani wa namna hii hawaijui kiu. Kiapo hicho kingekuwa cha uongo. Katika vijiji vingi vya Musoma Vijijini, Butiama na Bunda, mkoani Mara, ziwa huonekana kwa macho ilhali maji yake hayafiki nyumbani ila kwa taabu: mwanamke hudamka alfajiri, hushuka mteremko wa mawe na ndoo yake, huchota mahali ambapo mamba na kiboko nao wana mazoea ya kufika, hukanyaga maji yenye konokono waenezao kichocho, kisha hupanda tena na lita 20 kichwani, na akifika hupaswa kuyachemsha kwa kuni ambazo nazo zimekuwa adimu.

Sababu ya kwanza ya dhiki hii ni ya maumbile. Pepo zivumazo kutoka mashariki hupita juu ya ziwa, huchukua unyevu wake na kuumwaga upande wa pili. Ndiyo maana Bukoba, magharibi, hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Musoma, mashariki, haipati hata nusu ya kiasi hicho, tena kwa misimu miwili: vuli, tangu Oktoba hata Desemba, na masika, tangu Machi hata Mei. Sababu ya pili ni ya kimo, kwani ziwa liko chini na makazi mengi yako juu, na maji hayapandi mlima bila mashine, mabomba na fedha. Sababu ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, imo mikononi mwa wanadamu wenyewe: maji, hata yakisha kupatikana, huhitaji watu wa kuyatunza, kuyagawa kwa insafu na kugharimia matengenezo yake, na mahali ambapo jambo hilo halikutengenezwa mapema, bomba jipya huwa chuma kikuukuu kabla ya miaka mingi kupita.

Nia yetu ni kueleza kwamba usimamizi wa maji unaoshikwa na wenyeji ndio kinga ya kwanza ya watu wa vijijini katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi. Na kwamba usimamizi huo haukamiliki mpaka fungu la mnyama wa porini liwe limehesabiwa wazi, pamoja na fungu la mtu na fungu la ng'ombe.

Mvua isiyo na ahadi

Wazee wa nchi hii hawakuwa wageni wa ukame wala wa mafuriko. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, zililijaza ziwa likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964, likafunika fukwe na mashamba ya mwambaoni. Mwaka 1993 ukame ulikausha mbuga za Serengeti hata nyumbu wakapungua kutoka milioni moja na laki mbili hivi wakabaki kama laki tisa. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilivunja madaraja. Kisha, kufikia 2006, ziwa lilishuka mno, mpaka mitumbwi ikalazwa juu ya tope mahali palipokuwa na maji. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida upande wake wa magharibi, Afrika Mashariki ikanyeshewa kwa wingi, na Mei 2020 ziwa likafikia kimo kilichoishinda hata rekodi ya 1964.

Jambo jipya, basi, si kuwapo kwa misukosuko hiyo, bali ni kuandamana kwake na kuzidi kwa nguvu zake. Elimu ya hewa yatufundisha kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo mvua ikijaliwa kunyesha hunyesha kwa kishindo, hukimbia juu ya ardhi kabla ya kuzama, ikachukua na udongo. Na ikikataa, jua hunyonya unyevu wa shamba kwa ukali uliozidi ule wa zamani. Ziwa lenyewe hufuata mwenendo huo bila kuchelewa, maana takriban asilimia 80 ya maji yake hutoka katika mvua inayoliangukia moja kwa moja, si katika mito. Mkulima wa mtama na muhogo hupanda kwa mvua ya kwanza ikamhadaa. Mfugaji huona lambo limekauka wiki kadhaa kabla ya siku aliyoizoea. Mvuvi wa dagaa huona mwalo wake umezama mwaka mmoja, na miaka michache baadaye umeachwa mbali na maji. Anayeishi kwa kukisia hawezi kustahimili hali kama hii. Sharti ahifadhi maji wakati wa neema, na sharti awe na watu wa kupatana nao wakati wa shida.

Mto wa nchi mbili

Haiwezekani kusema habari za maji ya nchi hii bila kuutaja mto ulioupa mkoa jina lake. Mto Mara huanzia katika kinamasi cha Enapuiyapui, kwenye milima ya Mau nchini Kenya. Mito miwili, Nyangores na Amala, hukutana ikawa mto mmoja, ambao hupita katika hifadhi ya Maasai Mara, huvuka mpaka, hukata kaskazini ya Serengeti, hupokea vijito vya Tarime na wilaya ya Serengeti kama Somoche, Tigithe na Tobora, kisha hujitandaza katika ardhioevu kubwa ya mafunjo kabla ya kupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani karibu na Musoma. Safari yake yote ni ya kilomita zipatazo 395, na bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 13,500, ambazo theluthi mbili hivi ziko Kenya na theluthi moja Tanzania.

Katika miezi ya kiangazi, tangu Julai hata Oktoba, nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na punda milia na swala, huelekea kaskazini kwa sababu iliyo nyepesi kueleweka: mito mingine ya Serengeti, ukiwamo Grumeti, hukatika ikabaki madimbwi, ilhali Mara huendelea kutiririka. Nyumbu hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa. Lau Mara nao ungekatika katika mwaka mmoja wa ukame mkubwa, uhamaji huo, ambao kwa ajili yake watu husafiri kutoka pembe zote za dunia, ungepata pigo ambalo huenda usingepona. Kwa hiyo mti ukatwao Mau, na mfereji uchepushwao bila kibali mahali popote kandokando ya mto, ni habari inayomhusu mnyama wa Serengeti na mkulima wa Butiama kwa pamoja. Serikali za Kenya na Tanzania zililitambua hilo zikatia saini hati ya makubaliano mwaka 2015 ya kulisimamia bonde kwa ushirikiano. Na tangu 2012 tarehe 15 Septemba huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Mara, upande mmoja wa mpaka au upande wa pili.

Mafunjo yaliyoko mwisho wa mto hudharauliwa na wengi kuwa ni pori la mbu, nayo hayastahili dharau hiyo. Mashina yake yaliyosongamana hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, na maji yakaingia ziwani yakiwa yamepungua uchafu. Kambare na kamongo huzaliana humo. Nzohe, swala aliyeumbiwa kwato ndefu za kukanyagia kinamasi, hujificha humo. Na wakati wa mafuriko maji hutandaa humo badala ya kuvamia vijiji. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 ardhioevu hiyo imepanuka kupita mipaka yake ya kale, na tope liletwalo na mmomonyoko wa juu huhesabiwa miongoni mwa sababu zake. Hivyo waliolima kandoni wamepoteza mashamba kwa makosa ya kilimo yaliyotendwa mbali na macho yao.

Yaliyojulikana zamani na yaliyosahauliwa

Usimamizi wa maji haukuletwa na wageni. Huko Butiama, jirani na Mwitongo, mahali palipo nyumba na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki waliuhesabu kuwa makao ya mzimu wao mlinzi. Na kwa heshima hiyo shoka halikuthubutu kuingia humo, miti ikasalia, na kivuli chake kikailinda ardhi. Waikizu, ambao nchi yao iko upande wa Nyamuswa wilayani Bunda, husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyekuja na elimu ya mvua, na utemi wao ukafungamana na elimu hiyo. Msomaji wa leo si lazima aamini mizimu ili afahamu busara iliyokuwamo: mvua, chemchemi na msitu vilikuwa na mwenye dhamana aliyejulikana kwa jina, na aliyevunja mwiko aliujua uso wa yule atakayemwuliza.

Uhuru ulileta tumaini jipya. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake, hata ifikapo 1991. Nia ilikuwa njema na kazi iliyofanyika haikuwa haba. Lakini maji yalitolewa bure, mitambo ilikuwa mali ya serikali, na kijiji kilipoharibikiwa pampu kilikaa kumngoja fundi kutoka mbali, ambaye naye hakuwa na gari wala vipuri. Mwaka 1985, kwa msaada wa Sweden, mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara ilipata mpango wa HESAWA, uliounganisha afya, usafi na maji, ukachimba visima vifupi vya pampu za mkono na kuwahimiza wanakijiji washiriki, mpaka ulipokoma mwaka 2002.

Inafaa kuitazama pampu ya mkono kwa karibu, maana funzo lote limo ndani yake. Maji hupandishwa na pistoni iliyovikwa duara la mpira. Mchanga hulila duara hilo polepole. Mtu aliyezoea kujaza ndoo kwa kusukuma mara chache huona sasa anasukuma mara nyingi zaidi, na watoto, ambao ndio wachotaji wakubwa, huligundua jambo hilo kabla ya wazee. Kisha ifike siku ambayo mkono wa pampu hupanda na kushuka na maji yasitoke. Kipande hicho cha mpira ni kidogo na bei yake si kubwa. Lakini kijiji kisichokuwa na mfuko wa maji, wala mtu aliyefundishwa kufungua pampu, wala anayejua kipuri huuzwa wapi, hurudi mtoni kwa ajili ya kipande hicho, na kisima kilichogharimu mamilioni huachwa kiote nyasi. Kilichofilisika hapo si maji, ni utaratibu.

Kutokana na mafunzo hayo, sera ya maji ya 1991, na baada yake ile ya 2002, zilitamka kwamba wanakijiji wawe wenye mradi, wauendeshe na waugharimie. Sera ya 2002 iliweka pia kipimo: kila mtu apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumba iliyo mbali zaidi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Tena ilipanga daraja za haki kwa maneno yasiyo na tashwishi, kwamba fungu la kwanza la maji ni la mahitaji ya lazima ya mwanadamu, na fungu la pili, kabla ya kilimo kikubwa, viwanda na umeme, ni la mazingira, yaani la kuuweka mto uwe hai pamoja na viumbe wanaoutegemea. Watu wengi wanaoishi pembezoni mwa hifadhi hawajapata kuelezwa kwamba haki ya mnyama ya kunywa imo ndani ya sera ya nchi yao.

Vyombo vya wananchi na kazi zake

Leo vipo vyombo vya namna mbili ambavyo mwananchi anapaswa kuvitofautisha, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza kinahusu maji ya bomba na kisima. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi Julai mwaka huo, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo watu wamezoea kuviita CBWSO. Chombo hiki huwa na uongozi unaotoka kwa wananchi, kikaajiri fundi na mtunza fedha, kikakusanya malipo kwenye gati kwa ndoo au kwa mita ya nyumbani, kikaweka akiba ya matengenezo. Cha pili kinahusu chanzo chenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 huitazama nchi kwa mabonde tisa. Mara imo katika Bonde la Ziwa Victoria, ambalo bodi yake ina makao Mwanza. Na chini ya bodi zimeundwa jumuiya za watumia maji, ambazo hukusanya wakulima, wafugaji, wavuvi na wengine wanaotumia kijito kimoja, wapate kugawana maji, kuzuia uharibifu na kusuluhisha ugomvi kabla haujafika mahakamani.

Kazi ya jumuiya ya watumia maji haina fahari machoni, lakini thamani yake ni kubwa. Wanachama hutembea kandokando ya mto, wakaweka alama za mipaka, kwa maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa; hupanda miti ya asili pale palipolimwa; huelewana na wafugaji juu ya njia moja ya kuteremshia mifugo, ili ukingo wote usibomolewe na kwato. Mtu wa nje akija na amri ya mita 60 huonekana adui wa shamba. Lakini jirani akija nayo, ambaye shamba lake mwenyewe limekatwa kwa kamba hiyohiyo, amri hiyo hupata uzito wa adili.

Wala isidhaniwe kwamba ushirika wa kijiji huondoa wajibu wa serikali. Mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaochota maji ziwani huko Mugango na kuyapandisha bara mpaka Butiama, uliwezekana kwa fedha za serikali pamoja na za Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi ya Afrika na Mfuko wa Maendeleo wa Saudi Arabia. Hakuna kijiji ambacho kingeweza kuubeba mzigo huo peke yake. Serikali huleta bomba kubwa. Jamii huamua kama maji yataendelea kutoka mwaka wa kumi.

Kadhalika, chombo cha wananchi huweza kuoza kama chombo kingine chochote. Mahali ambapo hesabu hazisomwi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambapo mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye sauti peke yake, ambapo wanawake, walio wachotaji, huketi nyuma na kusikiliza, fedha hupotea na imani hupotea pamoja nazo. Dawa yake yajulikana: mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi, nafasi ya mtunza fedha isiwe ya undugu, na wanawake wawe ndani ya kamati kwa kazi za kweli, si kwa kutimiza idadi.

Tadbiri za kuweka akiba

Maji ya akiba hayana budi kuanzia juu ya paa. Nyumba ya bati yenye eneo la mita za mraba 50, katika nchi ipatayo mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 40,000; tukitoa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zabaki lita 32,000. Familia ya watu sita, kwa kipimo cha sera ya 2002 cha lita 25 kwa mtu, huhitaji lita 54,750 kwa mwaka. Kumbe zaidi ya nusu ya haja ya nyumba hupita juu ya vichwa vya wenyewe, ikaangukia uani na kuchimba makorongo. Kinachokosekana ni mfereji wa bati na tenki. Na ikiwa kila nyumba haiwezi kumudu tenki, shule, zahanati, kanisa na msikiti, zenye mapaa makubwa, zaweza kutangulia.

Kwa mifugo, tumaini la wengi ni lambo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba katika nchi hii jua huweza kuondoa takriban mita moja na nusu ya maji yaliyo wazi kwa mwaka. Kwa hiyo lambo pana lenye kina kifupi ni zawadi kwa jua, na lile lililochimbwa kina kirefu, likapandwa nyasi na miti kandoni kuzuia tope, ndilo litakalofika mwisho wa kiangazi. Tena ng'ombe wasiingizwe ndani yake: maji yatolewe kwa bomba mpaka kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, iliyojengwa mbali kidogo, ili kinyesi kisiwe sehemu ya kinywaji.

Majirani zetu Wakamba wa Machakos na Kitui, nchini Kenya, wametufundisha tadbiri nyingine, nayo ni bwawa la mchanga. Ukuta wa zege au mawe hujengwa kukata mto wa msimu, ukikalia mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakabaki katika nafasi zilizo kati ya chembe, kiasi cha robo mpaka theluthi ya ujazo wote, mahali ambapo jua haliyafikii wala mbu hazalii. Tembo walikuwa wanaijua siri hii kabla ya wahandisi. Katika mto mkavu tembo huchimba kwa mguu wa mbele na mkonga, hungoja shimo lijae maji yaliyochujwa na mchanga, hunywa, kisha huondoka. Na baada yake hufika ngiri, nyani na ndege kunywa katika shimo hilohilo.

Wala tusiisahau ardhi yenyewe. Wasukuma wa Shinyanga, waliokaribia kuiona nchi yao imekuwa jangwa, walifufua desturi ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza ufufuo huo mwaka 1986 ulirudisha misitu na majani katika maelfu kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ardhi yenye majani hunywa mvua, na mvua iliyonywewa na ardhi ndiyo itokayo katika chemchemi miezi kadhaa baadaye.

Fungu la mnyama

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Tembo mmoja huweza kunywa lita zaidi ya 100 kwa siku, naye hajui mpaka wa kijiji. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Grumeti, wakati madimbwi ya porini yanapokauka, tembo hutoka usiku kufuata maji, na shamba la mahindi likawa njiani. Mkulima aliyekesha miezi kulilinda shamba lake hulipoteza kwa saa moja. Wako waliopoteza na maisha. Kumwambia mtu huyo kwamba wanyama ni urithi wa dunia, bila kumwambia watanyweshwa wapi mbali na shamba lake, ni kumwongezea jeraha.

Suluhisho huanzia katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao kila kijiji kina mamlaka ya kuupanga. Humo kijiji huamua wapi patalimwa, wapi patalishwa, njia gani ya wanyama iachwe wazi, na lambo la mifugo lijengwe upande gani. Kwa sababu lambo likijengwa kati ya pori na mashamba, kijiji kitakuwa kimewaalika tembo kwa gharama yake chenyewe, na likijengwa upande wa pili, ng'ombe watakunywa kwa amani. Vijiji vitano vya wilaya ya Serengeti vilivyoungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona vimeonyesha kwamba ardhi iliyotengwa kwa wanyama huweza kuleta mapato ya kujengea madarasa na visima. Na mwambaoni, huko Sengerema mkoani Mwanza, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori imejenga vizimba vya chuma ziwani ili watu wachote maji bila kuvamiwa na mamba: kazi ndogo, inayomhifadhi mtu bila kumwua mnyama.

Pale ambapo mipango hii huchelewa, gharama huwa kubwa. Kata ya Nyatwali wilayani Bunda, iliyokuwa kati ya Serengeti na Ghuba ya Speke, ilibidi wakazi wake wahamishwe kwa fidia katika miaka hii ya karibuni, ili wanyama wapate njia ya kufikia maji ya ziwa. Kila upande wa jambo hilo una hoja zake. Lakini hakuna asiyeona kwamba ni rahisi zaidi kuiacha njia ya maji wazi kabla ya nyumba kujengwa kuliko kuwahamisha watu na makaburi ya wazee wao baadaye. Mwaka 1961, katika Tamko la Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi mbele ya dunia kwamba taifa jipya litawahifadhi wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi hiyo haitimizwi na askari wa hifadhi peke yao. Hutimizwa pia na mkutano wa kijiji unaoamua lambo likae wapi.

Basi msomaji, uwe mkazi wa Bukima, wa Butiama, wa Bunda au wa nchi nyingine yoyote yenye mto na pori, siku utakapoitwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji usimwachie mwingine nafasi yako. Uliza hesabu za maji zisomwe mbele ya wote; uliza mita 60 za mto wenu ziko mikononi mwa nani; uliza kiangazi kijacho ng'ombe watanywa wapi na tembo watanywa wapi, na mtake jibu liandikwe katika muhtasari. Maji ni amana tuliyoachiwa pamoja na viumbe wasioweza kuhudhuria mkutano huo, na atakayeulizwa habari zao ni sisi.